Mshika Mkono wa Chipukizi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyokumbushana tukitaka kukaribishwa chakula. Katika nchi ya Umbile methali hiyo wameigeuza kichwa chini miguu juu, wala hawaoni ajabu. Kwao husemwa: mwenyeji njoo, mgeni apone. Maana huko mgeni asiyeshikwa mkono na mwenyeji haendi popote, hata awe na haki, hata awe na haraka, hata mlango uwe wazi mbele ya pua yake.

Msomaji asiitafute Umbile kwenye ramani. Aitafute chini ya ngozi yake mwenyewe, ambako kila seli ina kiini chake, na kila protini inayotaka kuingia kiinini ni mgeni anayebisha hodi.

Mashavu binti Kheri alifika huko akiwa mkaguzi wa milango. Alitoka katika mji wa Sare, mji unaojisifu kwamba milango yake yote ina kimo kimoja, rangi moja na bawabu wa aina moja, anayesalimia kila mtu kwa salamu ile ile, awe bibi harusi au mwizi. Wakubwa wa Sare walikuwa wamesikia kwamba Umbile nako milango inafanana, lakini mgeni yule yule hupokewa kwa heshima katika wilaya hii na kuachwa nje katika wilaya ile mpaka anyauke. Wakamtuma Mashavu akaone kama ni kweli. Na kama ni kweli, akawafunze wale watu adabu ya usawa. Hawakukosea kumchagua. Alikuwa kijana, alikuwa na ulimi, na alikuwa hajawahi kushindwa katika mjadala.

Aliyempokea ni Bwana Shekue, mkuu wa itifaki, mtu aliyependa milango kuliko wanaopita mlangoni. Ndiye aliyemweleza sheria za nchi, akitembea hatua moja mbele yake, mikono nyuma.

Kila wilaya ya Umbile ina vitongoji visivyohesabika, na katikati ya kila kitongoji pana jumba liitwalo Kiini. Ndani ya Kiini wamekaa waimbaji. Waimbaji wa nchi nzima wanajua nyimbo zile zile, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na hakuna wilaya iliyofichwa hata ubeti. Wimbo unaoimbwa ndani ndio kazi inayofanyika nje. Ukiimbwa wa kuvuta, kitongoji kizima kinavuta. Ukiimbwa wa kuchuja, kinachuja. Lakini waimbaji hawajichagulii. Huchaguliwa na waombaji, ambao huzaliwa nje ya jumba, kila mmoja akiwa na wimbo wake moyoni na utepe wake mkononi. Mwombaji akiingia akamgusa mwimbaji bega, wimbo wake huimbwa. Asipoingia, wimbo huo ni kana kwamba haujatungwa.

Kuingia ndiko penye kazi. Milango ya Kiini haina komeo wala bawabu. Imening'inizwa nyuzi laini, nyingi, zimesongamana kama pazia la shanga. Wadogo wa umbo hupenya katikati ya nyuzi bila kuulizwa jina. Mkubwa akijaribu, nyuzi humrudisha alikotoka, taratibu, bila kumchubua. Wanaojuana na zile nyuzi ni wapokezi peke yao. Mpokezi huutazama utepe wa mgeni, humshika mkono, humpitisha. Wakishafika ndani husimama mtu ambaye kazi yake ni kumgusa mpokezi kiganjani, na kiganja kikafunguka. Mgeni hubaki. Mpokezi hurudi nje.

"Hurudi saa hiyo hiyo?" Mashavu aliuliza.

"Saa hiyo hiyo."

"Hasikilizi hata kidogo?"

"Hawa ndio wanaopeleka nyimbo zote ndani," Bwana Shekue alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia wimbo mpaka mwisho. Ni sheria."

"Na hawanung'uniki?"

"Hunung'unika sana. Ila hunung'unikia nje."

Mashavu aliwaza kwao Sare, ambako mtu akishamfungulia mkubwa mlango mara mbili, ya tatu anadai kiti cha mbele. Moyoni mwake, kabla hajakagua chochote, aliwavulia kofia wapokezi wa Umbile.

Walianza ziara. Sasa Mashavu aliona lile aliloambiwa. Milango ilikuwa ile ile, nyuzi zile zile, lakini wapokezi walitofautiana wilaya kwa wilaya, kwa kuwa wapokezi ni koo, na kila ukoo una kiganja chake kinachokubali tepe fulani kuliko nyingine. Katika wilaya ya Mapigo, ambayo haijapumzika tangu iumbwe, wapokezi walikuwa wachache, wakakamavu, wenye kufanya kazi katikati ya pigo na pigo. Mashavu alitaka kumsimamisha mmoja amhoji.

"Dada," yule mpokezi alimjibu bila kusimama, "ukitaka kuniuliza, niulize ukitembea."

Katika wilaya ya Uzao alikuta ukoo ambao hauonekani kwingineko kokote. Aliwauliza jamaa zao wako wapi. Wakacheka, wakasema jamaa zao bado hawajazaliwa, na ndiyo kazi inayowaweka pale.

Wilaya iliyomteka roho ni Fikra. Vitongoji vya Fikra vina vichochoro virefu kupita kiasi, vinavyotoka Kiini na kwenda mbali hadi mtu akisimama mwanzoni hauoni mwisho. Huko mwisho, ambako hakuna anayepita, wapo wapokezi waliowekwa wangoje. Hungoja maisha yao yote. Kichochoro kikijeruhiwa kule ncha, mpokezi humshika mkono mwombaji wa wimbo wa kuponya, wakafunga safari ya kurudi Kiini, kichochoro chote, kwa miguu. Mashavu alimwona mmoja akiwasili. Alikuwa mwanamke mwembamba aitwaye Rehani, amechoka hadi midomo imekauka, na kiganja chake hakikuwa kimelegea hata kidogo. Alimpitisha mgeni wake, akatoka, akanywa maji, akageuka kuianza tena njia ya kichochoro.

"Hukai hata upumue?" Mashavu alimwuliza.

"Nani atangoja kule?" Rehani alijibu, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo, kwenye Kiini hicho hicho, Mashavu alimwona kijana mwenye utepe wa buluu akipokewa na jamaa wa ukoo wa Rehani. Aliambiwa kwamba wimbo wa utepe wa buluu ndio uliofanya Fikra iwe Fikra, ndio uliovuta vichochoro, na kwa hiyo wenye utepe huo huongozwa mlangoni kama maharusi.

Ndipo wakafika Chipukizi.

Chipukizi ni wilaya changa. Vitongoji vyake vyote vinafanana kama punje za mtama. Kimoja hujigawa kikawa viwili, viwili vikajigawa tena, wala hakuna kitongoji kilichoamua kitakuwa nani. Wapokezi wa huko ni wa ukoo mmoja, wanawake warefu wenye sauti, walioingia na kutoka milangoni kama nyuki mzingani, kila mmoja na mwombaji wa wimbo wa utoto mkononi. Lakini pembeni mwa mlango palikuwa na benchi la mbao. Hapo ameketi kijana mwenye utepe wa buluu. Na kando yake, amevaa kama mtu aliyekuja kuozesha, ameketi mwanamke mkubwa aliyemkamata kifundo cha mkono.

"Shikamoo, Bi mkubwa," Mashavu alisema.

"Marahaba. Mkaguzi wa milango? Mlango ni ule. Hili ni benchi."

"Nimekuja kukagua na benchi."

Kijana alicheka. "Likague vizuri, dada. Mimi nalijua ubao kwa ubao."

Jina lake aliitwa Makame. Mwanamke ni Bi Kidawa, mkubwa wa wapokezi wa Chipukizi, ambaye hata Bwana Shekue alimsogelea kwa kuinamisha shingo.

"Huyu mbona humwingizi?" Mashavu aliuliza.

"Nimemshika."

"Kwingine wanashika ili waingize."

"Kwingine ni kwingine."

"Kama kiganja chako hakimfai, mwachie apate mwingine."

"Kinamfaa barabara," Bi Kidawa alisema, akauinua mkono wa Makame ili Mashavu aone. Na kweli, vidole vyake vilikuwa vimeufunika ule utepe wote, hata mpokezi mwingine akipita asingejua kijana ana utepe. "Dada zangu zamu yao ni kuingiza. Zamu yangu ni hii. Wenye utepe wa buluu wanaozaliwa hapa nawashika nakaa nao."

"Mpaka lini?"

Nyuma ya benchi kilisikika kinu. Umbile hawaziki mtu. Mkazi aliyechoka hupelekwa kinuni, akatwangwa, na unga wake ukajenga wengine; hakuna anayelia, kwa kuwa kila mmoja anajua alijengwa na nani. Na Makame alikuwa ameanza kuchoka. Mashavu aliliona hilo katika namna alivyoegemea ukuta.

"Waogopa?" alimwuliza, Bwana Shekue alipokwenda kukagua nyuzi.

"Kinu sikiogopi," Makame alisema. "Sisi sote ni wa kinu. Ninachoogopa ni kwenda kule na wimbo mzima kifuani, haujaliwa hata na panya."

"Anasema maneno matamu," Bi Kidawa alisema akitazama mbele. "Huniambia mimi kutwa."

"Na wewe hunijibu kutwa," Makame alisema. "Mke gani angenivumilia hivi?"

Walicheka wote wawili. Jambo hilo lilimkasirisha Mashavu kuliko kama wangegombana.

Aliitisha Baraza la Wapokezi. Wajumbe walitoka wilaya zote, na Bi Kidawa alikuja na Makame, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwachia. Mashavu alisimama akasema kama alivyokuwa akisema kwao. Alisema kwamba mlango ni mmoja, wimbo ni mmoja, utepe ni mmoja, basi haki nayo na iwe moja. Kijana aliyezaliwa Fikra huingia kama bwana harusi. Nduguye aliyezaliwa Chipukizi hukamatwa kama kuku. Kosa lake ni nini ila mahali alipozaliwa? Akapendekeza wapokezi wa koo zote wagawanywe sawasawa katika wilaya zote, ili kila utepe upate kiganja kila mahali.

Bwana Shekue alikuwa ametokwa na machozi. Alisema kwamba tangu zamani alikuwa akiona kero kuwa na milango iliyofanana na watu wasiofanana. Mjumbe wa Mapigo alisimama, akasema hana nafasi, akaketi. Mjumbe wa Fikra aliomba aligeuze jambo hilo kila upande kwanza, na hadi Baraza linafungwa alikuwa bado analigeuza.

"Bi Kidawa," mwenyekiti alisema, "una neno?"

"Ninalo dogo. Wimbo wa kijana huyu siujui, sijausikia, na sheria hainiruhusu kuusikia. Pengine ni mtamu kuliko wote. Lakini Chipukizi bado inazaa vitongoji. Wimbo wa buluu ukiimbwa, kuzaa kunakoma. Binti huyu ametuuliza kosa la kijana ni nini. Hana kosa. Kushikwa si adhabu."

"Kwa anayeshika," Mashavu alisema, na Baraza likaguna.

Wakaamua kufanya majaribio, kwa kuwa kujaribu ni namna ya kukubali bila kubeba lawama. Kilichaguliwa kitongoji kimoja cha Chipukizi, ng'ambo ya mfereji, na Rehani akaitwa kutoka kichochoroni kwake. Alikuja akiuliza njia nzima ni nani anayemshikia zamu kule. Alipofika alimkuta mwombaji mchanga wa utepe wa buluu ambaye bado hajashikwa na mtu. Akatazama utepe, akamshika, akampitisha. Hakuna kilichokuwa chepesi kama hicho. Mashavu alimtazama Bi Kidawa, na Bi Kidawa alikuwa anatazama kile kitongoji.

Kwanza kilitulia. Kelele za ujenzi zilikoma. Kisha upande mmoja ukaanza kuvutika, ukatoa kichochoro, chembamba, kizuri, cha kupendeza macho. Na Bwana Shekue akapiga makofi. Kichochoro kikaenda. Kilikwenda kikipapasa huku na huku, kama mtu anayenyoosha mkono gizani akitafuta mkono wa mwenzake. Lakini hapakuwa na mwenzake. Vitongoji vyote jirani vilikuwa bado watoto, havina kichochoro wala habari ya kumpa mtu. Kilifika ukingoni mwa uwanja mtupu kikasimama hapo, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kukipelekea maji, kwa kuwa waliokuwa wazaliwe wapeleke maji hawakuzaliwa. Mwishowe kitongoji kile kilijikunja chenyewe, kikajifunga fundo kama mzigo wa msafiri, kikaenda kinuni kwa adabu, bila kumwagia jirani hata vumbi. Mashavu aliona aibu na kicho kwa pamoja. Hakuwa ameona popote mahali panapokufa kwa heshima namna ile.

Bwana Shekue alilitangazia Baraza kwamba majaribio yamefaulu kwa kiasi kikubwa, ukiondoa kitongoji.

Mashavu alikwenda kwenye benchi akaketi upande wa pili wa Makame.

"Umekuja kukagua tena?" Makame alimwuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nimekuja kukaa."

"Karibu. Ubao huo una msumari."

Walikaa. Mashavu alianza kuona ambayo ukaguzi haukumwonyesha. Aliona kwamba Bi Kidawa alikuwa akiukaza mkono na kuulegeza, kuukaza na kuulegeza, kama mtu anayepima uji usimwagike. Aliona kwamba wale dada zake waliokuwa wakipita kama nyuki wamepungua. Zamu zilikwisha na hakuna aliyekuja kupokea. Hakuna amri iliyosomwa wala Baraza lililoitishwa. Habari ilitoka kwa majirani, wilaya hadi wilaya, ya kwamba Chipukizi imetosha, na ukoo wa Bi Kidawa ukaacha kuzaa.

"Dada zako wamekwenda wapi?" Mashavu aliuliza, ingawa kinu alikisikia.

"Wamekwenda kujenga," Bi Kidawa alisema.

Makame alikuwa amefumba macho. Utepe wake ulikuwa umefifia rangi. Mashavu alijizuia kwa nguvu asimng'oe yule mwanamke vidole kimoja kimoja. Alikuwa anajua sasa kwamba kuna mapema. Lakini alikuwa anajua pia kwamba kuna kuchelewa, na hakuona alama yoyote ya kutenganisha hayo mawili.

Kisha walitokea njiani watu wembamba, midomo imekauka, wa ukoo wa Rehani. Hawakuitwa na Bwana Shekue. Walikuja wenyewe, wakasambaa milangoni, mmoja huku, wawili kule, na mbele yao ni Rehani. Alisimama mbele ya benchi.

"Bi mkubwa," alisema. "Nimefika."

Bi Kidawa alimtazama juu hadi chini, hadi kwenye miguu yenye vumbi. "Umechelewa kunawa miguu," alisema. Akafungua kiganja.

Kifundo cha Makame kilikuwa na alama ya vidole. Alijaribu kusimama, akarudi benchini, na Rehani akamkumbatia ubavuni, akamwinua kama ndoo. Walifika kwenye nyuzi. Nyuzi zikawajua. Mashavu alihesabu pumzi zake mwenyewe hadi alipomwona Rehani akitoka, mikono mitupu, akielekea kumchukua mwingine.

Wimbo hawakuusikia, aliye nje hausikii. Waliona kazi yake. Kitongoji kilitulia, upande mmoja ukavutika, kichochoro kikatoka kikipapasa. Na kutoka kitongoji cha pili kikatoka kingine, na cha tatu, na pande zote za Chipukizi, ambako sasa vitongoji vilikuwa vimejaa hadi upeo, vichochoro vilitoka vikitafutana. Kile cha Makame kilikwenda, kikakosa, kikageuka, kikakutana na mwenzake uwanjani. Pale vilipokutana pakatokea mwanga mdogo, kama mtu amemwambia mtu jambo.

Mashavu alikuwa analia na hakuficha. Alijua atakaporudi Sare atasema nini, na alijua watamkatiza kabla hajafika nusu.

Bi Kidawa alikuwa amesimama, ananyoosha nguo yake. Wa ukoo wake alikuwa amebaki yeye peke yake. Alianza kutembea kuelekea kinuni, bila haraka, na Mashavu akamfuata.

"Nilikosea Barazani," Mashavu alisema.

"Ulisema vizuri. Mimi ningekupigia makofi, ila mkono ulikuwa na kazi."

"Lakini alibakiza kidogo tu, Bi Kidawa. Angekufa pale benchini."

"Najua. Mapigo ya mkono wake yalikuwa yakinipiga mimi, hayakukupiga wewe."

"Basi kabla hujaingia, toa neno moja. Rehani anaingia ndani sasa hivi, atampelekea. Wimbo wake umeimbwa, moyo wake umetua, atalipokea. Mwambie tu akuwie radhi."

Bi Kidawa alisimama mlangoni mwa kinu. Aligeuka, na uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao siku ya kwanza, uso wa mtu aliyekuja kuozesha.

"Ningemwachia mapema, angeimba peke yake uwanjani. Ningemwachia baadaye, asingeimba. Nilimshika katikati, na katikati ilikuwa inamuuma, na niliona inamuuma, na sikulegeza. Kesho wakinijenga tena wakaniweka kwenye benchi lile, na akazaliwa tena akaja akaniambia maneno yake matamu, nitamshika vile vile. Mwambie hivyo akiuliza. Radhi simwombi."